Majembe ya Msiba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, na asifiwe na ninyi mliobanana mlangoni kwa kukosa viti. Nimevuka mpaka asubuhi ya leo kutoka Kirewa, upande wa Tororo, baada ya kulala njiani kwa ndugu, nami nawaletea salamu za ushirika wetu mdogo wa kule. Jina langu ni Marita, mke wa Erisa Obbo. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Busia nikiuza wimbi, kwa hiyo nikikosea mahali mnivumilie, na kama ni kucheka, mcheke nikishamaliza.

Nilipofika hapa mzee wa kanisa aliniuliza kwa nini mama wa umri wangu anakuja kwenye ushirika na jembe begani. Nilimwambia jibu limo ndani ya ushuhuda. Basi mzee, kaa utulie, maana jibu lenyewe si fupi.

Ndugu zangu, kabla sijamjua Yesu mimi nilikuwa mpika pombe. Kule kwetu, na najua hata kwenu ni hivyo hivyo, mtu akitaka shamba lake lipaliliwe upesi haiti watu kwa maneno matupu. Anapika pombe ya wimbi, anatangaza siku, na kukipambazuka watu wanafika na majembe. Wanapalilia mpaka jua liwe kali, halafu wanazunguka chungu, kila mtu na mrija wake, wananyonya na kuimba mpaka jioni. Bila chungu hakuna watu. Pombe yangu ilijulikana mpaka Mwello, mbali na kwetu. Kila mwaka pamba yetu ndiyo iliyopaliliwa kwanza, na mimi nilitembea sokoni nikiwa nimevimba kichwa.

Kisha Bwana akatukuta, mimi na Erisa, tukaokoka. Tuliacha pombe siku ileile na vyungu vyangu nikavifanya vya maji. Watu walitucheka sana. Shemeji yangu Ochwo, mdogo wake Erisa, alisema sawa, sisi tumeokoka, lakini magugu hayajaokoka. Alisema kweli! Msimu wa kwanza bila pombe tulipalilia wenyewe mpaka mikono ikatoka malengelenge, na nusu ya pamba ikamezwa na majani. Basi ikatubidi kumtafuta kibarua, mtu mmoja wa kukaa nasi wakati wa palizi, tumlipe kidogo kila mwezi na kilichobaki tummalizie pamba ikishauzwa.

Ndivyo Wandera alivyofika kwetu. Ninyi mnamjua, ni Msamia, mtu wa hapa hapa. Wakati ule wanaume wengi wa upande huu walikuwa wakivuka kuja kwetu kutafuta kazi ya jembe, na wengi wenu humu ndani mlilala katika majiko yetu, msijifiche. Wandera alilala katika jiko letu. Alikuwa mpole, mwenye kufanya kazi bila kusimamiwa, hajaokoka bado, lakini hakuwahi kutudai pombe. Kila mwezi fedha yake aliituma nyumbani kwa mkono wa Mama Auma, yule aliyekuwa akileta samaki wakavu kwetu na kurudi na wimbi. Mvua ilikuwa imewanyima huku, na mkewe Nabwire pamoja na mama mkwe wake walikuwa wanakula mahindi ya kununua. Yaani walikuwa wanakula jembe la Wandera.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata Uhuru wetu wa Uganda, ninyi wa Kenya mkiwa bado mnangoja bendera yenu. Pamba ilikuwa imeota vizuri, na magugu nayo yameota vizuri zaidi. Asubuhi moja Erisa na Wandera wako shambani, Erisa akasimama kujifuta jasho, akaweka mkono mbavuni, akaanguka kifudifudi. Kumbe ni kichomi. Wandera alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na majirani wakamfunga kwenye baiskeli wakampeleka hospitali mjini Tororo. Dada yake alikwenda kukaa naye kando ya kitanda. Mimi nilibaki na watoto wadogo na shamba.

Ndugu zangu, ugonjwa wa mwenyeji una watu wengi. Ukoo wote ulikuja. Waliniletea kuku, kisha wakakaa wakala kuku wao. Walisema pole, wakalia kidogo, wakakumbushana magonjwa ya zamani. Siwasemi vibaya, maana kuja kwao kulinitia nguvu. Lakini pamba haipaliliwi kwa pole. Walipoondoka, kila mtu aliondoka na jembe lake mkononi, akapita kando ya shamba langu akielekea shambani kwake. Na sisi hatukuwa na kitu kingine. Pamba ile ndiyo iliyokuwa kodi yetu, nguo zetu, chumvi yetu, na mshahara wa Wandera. Ikifa pamba, nyumba mbili zimelala njaa, ya kwangu kule na ya Nabwire huku.

Wandera alipalilia peke yake, nami nikawa namfuata nikiweza. Lakini ilikuwa mvua ya kila jioni. Tukimaliza upande huu, upande ule umekwisha kufungwa na magugu.

Hapo ndipo Ochwo alipokuja akajiweka vizuri kwenye kigoda kama mtu mwenye hekima. Kisha akanena taratibu.

“Shemeji, mimi sikukatazi kusali. Lakini kaka yangu akirudi akute shamba limekufa, atakufa na yeye. Pika chungu kimoja tu. Watu nawaleta mimi.”

Nisiwafiche. Usiku ule nilitoa wimbi ghalani, na kesho yake nikaliloweka. Likachipua, nikalianika, likakauka, nikalisaga. Kikapu kizima cha kimea kikawa jikoni kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya Erisa. Nilijiambia kwamba Mungu anajua. Lakini kila nilipopita karibu na kikapu kile nilikuwa nikipita haraka, na nikiomba, maombi yangu yalikuwa mafupi, maana mtu hawezi kusema maneno mengi na Mungu huku amemfichia kitu jikoni.

Siku niliyokuwa nimepanga kuanza kupika, Wandera naye akaanguka. Nilimkuta shambani ameegemea jembe, anatetemeka jua likiwa kali, macho ya njano, anatapika maji matupu. Nilimshika kiunoni tukaenda hatua kwa hatua mpaka jikoni, nikamlaza kwenye mkeka wake.

Sasa, ndugu zangu, sikieni tofauti. Erisa alipougua, ukoo ulijaa uani. Wandera alipougua, hakuja mtu. Kibarua wa mbali, siku jembe linapomponyoka ndiyo siku mshahara wake unapokatika, na mahali pake pa kulala napo panakuwa mashakani. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Hakuna aliyeiandika, lakini kila mtu aliijua. Na juu ya hiyo kulikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi. Watu waliogopa mgeni afie nyumbani mwao. Ukoo wake utakuja kuuliza umempa nini, na maiti yenyewe ni mzigo, na nyumba inapata jina baya. Kwa hiyo kibarua akizidiwa alipakiwa kwenye baiskeli, akafikishwa kwenye barabara ya Busia, akaachiwa Mungu na wapita njia.

Kabla ya jioni Ochwo alifika na majirani wawili. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na baiskeli tayari. Ochwo alinieleza kwa upole kwamba mgonjwa mmoja ananitosha, na kwamba Msamia yule ana kwao.

Wandera alisikia yote akiwa ndani. Akaniita.

“Mama, usinipeleke barabarani. Kule kwangu nafika na ugonjwa juu, mikono mitupu. Watanipikia nini? Mimi ndiyo chakula chao.”

Niliwaambia wale watu wangoje. Nikarudi jikoni nikasimama. Pale palikuwa na Wandera mkekani. Palikuwa na moto, na chungu kikubwa juu ya mafiga, kile kile nilichokuwa nimekigeuza cha maji na sasa nilitaka kukirudisha kwenye kazi yake ya zamani. Na palikuwa na kikapu cha kimea. Tangu asubuhi Wandera alikuwa hajaweza kumeza kitu. Ugali ulirudi, mchuzi ulirudi, hata chai ilirudi. Kila mama wa kwetu anajua kwamba tumbo likikataa vyote, kilichobaki ni uji mwepesi wa kimea, mtamu, wa kunyweshwa kidogo kidogo. Na kimea kile kilikuwa ama chungu cha pombe, ama uji wa mgonjwa mpaka apone. Kwa vyote viwili hakikutosha, na ghalani wimbi lilikuwa limebaki la mbegu tu.

Ndugu zangu, pimeni wenyewe! Upande mmoja shamba la mume wangu, upande mwingine mtu wa watu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nasikia wengine humu huwa wanasikia, asifiwe Bwana, mimi sikusikia. Nilimwona tu Wandera ananitazama, na nikaona kwamba ni mtu. Nikasema, Bwana, pamba ni yako, na magugu ni yako, yatazame. Nikafunua kikapu nikakoroga uji.

Ochwo aliona ninachokifanya akakasirika kweli. Alisema nimemchagua Msamia nikamwacha kaka yake afe na umaskini. Neno lile lilinichoma. Liliingia hapa, likakaa. Alichukua baiskeli yake akaondoka na wenzake, na kwa siku nyingi hakukanyaga kwetu.

Mganga wa dispensari alikuja akamdunga Wandera sindano, akaniambia niendelee na uji, na nimwombee. Basi nikawa napalilia alfajiri, nakoroga uji, narudi shambani, nakoroga tena. Nililia katikati ya pamba mahali watoto hawanioni. Niliomba bila nguvu. Uji ulianza kukaa tumboni mwake. Lakini shamba lilinishinda, ndugu zangu. Niliona wazi kwamba limenishinda. Upande wa bondeni pamba haikuonekana tena.

Mama Auma alipokuja na samaki wake nilimpa ujumbe kwa Nabwire. Nilimwambia amweleze kwamba mumewe anaumwa, mwezi huu hakuna fedha, asikate tamaa, tunamtunza. Ujumbe wenyewe ulikuwa huo tu. Lakini mnajua habari ya ugonjwa ilivyo. Ikitoka sokoni ni homa, ikifika mpakani mtu hajitambui, ikivuka upande wa pili amekwisha kufa. Mama Auma aliwaambia watu wa barabarani, watu wa barabarani wakatangulia kabla yake. Nabwire, ambaye ameketi pale ukutani na kitambaa cha buluu, aliletewa msiba wa mtu aliyekuwa kwangu anakunywa uji.

Asubuhi moja nilisikia kilio kinatoka njiani. Nilitoka mbio. Nikaona wanaume wamebeba machela mabegani na majembe mikononi, wanawake nyuma yao, na mbele kabisa Nabwire, nguo imefungwa kiunoni kwa nguvu kama anavyofunga mjane, analia akiita jina la mumewe. Walikuwa wametembea tangu siku iliyotangulia. Walikuja kumchukua, na kama maiti haibebeki, wamzike kulekule.

Wandera alikuwa amekaa nje, ameegemea ukuta wa jiko, kibuyu cha uji mkononi. Aliwatazama ndugu zake wote wakiingia uani na machela.

“Nani amekufa?” akauliza.

Nabwire aliketi chini palepale alipokuwa, katikati ya ua. Hakulia tena na hakucheka. Alikuwa anamtazama tu. Wanawake wakaanza kumsifu Mungu, nami nikaanza kuwaonea aibu, maana nyumba ilijaa wageni wa msiba na sikuwa na kuku hata mmoja. Niliingia jikoni nikafuta kikapu cha kimea mpaka chini, nikaongeza maji, nikapika uji wote uliobaki katika kile chungu kikubwa cha pombe. Wakanywa, kila mtu kidogo.

Kaka mkubwa wa Wandera, Makokha, mtu mrefu asiyesema sana, alisimama akashika jembe lake. Aliniambia kwamba katika ukoo wao jembe likishatolewa nyumbani kwa ajili ya maiti halirudi safi. Ni lazima liguse udongo kwanza, vinginevyo linarudi na msiba ndani ya nyumba.

“Haya yote yametoka kwa ajili ya kaburi,” alisema. “Na kaburi hakuna. Mama, shamba alilokuwa analima ndugu yetu liko wapi?”

Ndugu zangu, mwaweza kuniuliza maswali ya Biblia nikashindwa. Lakini siku ile niliona kwa macho yangu majembe ya kaburi yanaingia kwenye pamba! Walijipanga mstari, wanaume kwa wanawake, Nabwire naye akiwa katikati yao na nguo yake ya mjane bado kiunoni, wakashuka mpaka bondeni. Hawakuimba nyimbo za pombe. Walikuwa wamechoka kwa safari na kwa kilio, nao walipalilia kimya. Nilishika jembe langu nikaingia kwenye mstari nikilia. Bwana alikuwa ameyatazama magugu yake.

Watu wa kwetu walisimama njiani wakashangaa. Ochwo alikuja akauliza tumewaahidi chungu gani. Nilimwambia uji. Hakuamini, akaenda mwenyewe kuchungulia chunguni, akarudi ametulia. Kesho yake, walipokuwa wanamalizia, alifika na jembe lake, akaingia mwisho wa mstari bila kunisalimu.

Erisa alirudi kutoka Tororo amekonda, kifua kibovu, na mpaka leo hakiko sawa. Tangu mwaka ule hajashika jembe kwa siku nzima. Sikuja kuwadanganya kwamba Mungu alirudisha kila kitu. Lakini alirudi akiwa hai, akakaa ukingoni mwa shamba akaliona safi, akafunika uso kwa kofia. Pamba ilipouzwa alimpa Wandera mshahara wake mzima pamoja na zile siku alizolala mkekani. Ochwo alimkejeli kwamba siku hizi anawalipa watu kwa kulala. Erisa akamjibu kwamba mtu yule aliugulia kazini kwake, na yeye anajua maana ya kulala. Mwaka uliofuata Wandera aliokoka, katika jiko letu, hapana mahubiri, ni uji tu. Kisha akarudi huku kwao akapanda pamba yake mwenyewe.

Sasa mzee, nafika kwenye swali lako la jembe.

Jana mchana tulisikia kwetu habari ambayo ninyi mnaijua tangu mwezi uliopita. Sisi tuliposikia hatukungoja, tuliondoka saa ileile. Mguu wa Wandera umevimba ghafla, hawezi kukanyaga chini. Safari hii yeye si mgeni. Ameugulia kwao, katikati ya ukoo wake, karibu na kanisa lake. Mmekwenda kumwona, mmemwombea, mmempa pole, Nabwire ameniambia, na Mungu awabariki. Lakini asubuhi hii nimepita kando ya shamba lake hapo chini. Ndugu zangu, sikuiona pamba. Niliona majani tu. Yeye ameokoka, hapiki pombe, kwa hiyo watu wa pombe hawaji. Na sisi tuliookoka, ambao hatuhitaji pombe ili tuje, tuko humu ndani tunaimba.

Sikuja kuwagombeza. Nililetewa neema na watu waliokuja kunizikia mtu, nami nimekuja kuirudisha mahali ilikotoka. Namshukuru Mungu aliyeniokoa na chungu changu, na hofu yangu, na shamba langu. Yeyote kati yenu aliye katika shimo kama nililokuwamo mimi, mgonjwa uani na kazi inaoza, asikubali kwamba Mungu amemsahau. Mtegemee! Huenda msaada wako uko njiani tayari, umebeba machela, unalia.

Erisa yupo pale nje, amekaa karibu na chungu cha uji tulichobandika, maana palizi hawezi, lakini uji wa kimea anaukoroga vizuri. Na yule bwana mwenye kofia aliyesimama karibu na majembe tuliyokuja nayo ni shemeji yangu Ochwo. Hajaokoka, mwombeeni. Lakini ametembea na sisi jana na leo bila kuuliza kuna chungu gani. Amenituma niwaambie kwamba maombi ya kufungia ibada yakiwa marefu, yeye anatangulia shambani.

Bwana asifiwe. Mimi nakwenda kumfuata.